Jimmie Rodgers, Tuliyemwita Chemirocha

Kamati ya yubile ilitupa sisi wa sauti ya tatu kazi ya kuandika maisha ya mwimbaji mmoja aliyefariki zamani ambaye sauti yake bado inasikika. Wengi walitazamia tumlete Mahalia Jackson, au Sam Cooke, yule aliyetoka kwenye uimbaji wa injili akawa mmoja wa waanzilishi wa muziki wa soul. Hao ni watu wakubwa na tunawapenda. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeimbwa kwa Kikipsigis hapa Bureti kabla Kenya haijapata uhuru. Aliyeimbwa ni Mmarekani mweupe, mfanyakazi wa reli, mgonjwa wa kifua kikuu, aliyefariki mwaka 1933 bila kukanyaga Afrika hata siku moja. Kwao aliitwa Jimmie Rodgers. Hapa kwetu aliitwa Chemirocha.

Tunajua wako wazee wa kanisa watakaouliza huyu anatafuta nini katika kijitabu cha kwaya. Ni swali la haki. Hakuwa mhubiri wala mwimbaji wa ibada. Katika nyimbo zaidi ya 100 alizorekodi, wa kiroho tunaoujua ni mmoja, The Wonderful City, aliouimba pamoja na Sara Carter mwaka 1931. Nyingine nyingi ni za mapenzi, jela, safari, na nyumba iliyoachwa mbali. Kunywa alikunywa, na pesa hazikukaa mfukoni mwake. Hatumleti awe kielelezo cha mwenendo. Tunamleta kwa sababu habari yake inagusa jambo ambalo kila kwaya inapaswa kulifikiria inapotimiza miaka: sauti ikishatoka kinywani inakwenda wapi, na jina la aliyeitoa linabaki na nani.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, pande za Meridian katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa kikosi cha kutengeneza reli, kwa hiyo Jimmie alikulia kando ya reli. Kazi yake ya kwanza huko ilikuwa kuchota maji na kuwapelekea vibarua. Wengi wa vibarua hao walikuwa watu weusi, na walifanya kazi kwa kuimba: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na nyundo zinashuka pamoja. Sisi tuliokulia kwenye mashamba ya chai hatuhitaji kuelezwa zaidi. Anayechuma akiwa na wimbo hujaza kikapu bila kuhesabu saa.

Kijana yule wa maji alisikiliza. Inasemekana vibarua walimfundisha kupiga banjo na gitaa, na nyimbo zake za baadaye zinathibitisha kwamba alijifunza mengi kwao, maana umbo lake ni la blues, muziki wa watu weusi wa kusini. Hapa lazima tuseme jambo moja bila kulifunika. Mississippi ya wakati ule ilitenganisha weupe na weusi kwa sheria: shule zao, viti vyao kwenye treni, hata makaburi yao. Mtoto wa msimamizi aliweza kuuchukua ule wimbo na kwenda nao studio. Waliomfundisha hawakuweza kwenda naye. Majina yao hayakuandikwa popote, na leo hakuna anayeweza kuyataja.

Alipokua alipata kazi ya kushika breki. Siku hizo mshika breki alitembea juu ya mabehewa treni ikiwa mwendoni, mvua inyeshe au jua liwake, akizungusha magurudumu ya breki kwa mikono. Aliteleza mtu, akafa. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri, na mwaka uliofuata wakampata binti yao Anita. Binti wa pili, June, alifariki Desemba 1923 akiwa bado mchanga, wakati baba yake hana kitu. Mwaka 1924 Jimmie mwenyewe alianza kutema damu. Ilikuwa kifua kikuu, ama TB kama tunavyozoea kusema. Alikuwa na umri wa miaka 27.

TB ya wakati ule haikuwa na dawa. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyoweza kuuua ugonjwa huo, iligunduliwa mwaka 1943, miaka kumi baada ya yeye kuzikwa. Daktari aliweza kumshauri mgonjwa apumzike, ale vizuri na atafute hewa safi, basi. Mwenye familia na asiye na akiba angepumzika vipi? Rodgers alijaribu kurudi relini, akashindwa. Kifua kilichokataa kazi ya breki ndicho alichoamua kukitegemea kwa kuimba, na kila mwanakwaya anajua kwamba kuimba ni kazi ya pumzi. Ukiwa na mafua tu mwalimu anakusikia kutoka mstari wa nyuma.

Alikwenda mji wa Asheville, North Carolina, kufuata hewa ya milimani, na huko mwaka 1927 akaanza kuimba redioni. Kiangazi cha mwaka huo alisikia kwamba bwana Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor amefika Bristol, mji ulio mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, akitafuta waimbaji wa vijijini. Rodgers alikwenda na kikundi chake, lakini wakagombana kabla ya kurekodi, hasa kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri. Tunaliandika hili kwa tabasamu kidogo, kwa kuwa ugomvi wa namna hiyo si mgeni katika kwaya yoyote. Wenzake wakarekodi kivyao, naye tarehe 4 Agosti 1927 akasimama peke yake na gitaa, akaimba nyimbo mbili. Katika siku hizo hizo, hapo hapo Bristol, familia ya Carter nayo ilirekodi kwa mara ya kwanza. Ndiyo sababu watu wa muziki wa country wanauhesabu mji ule kuwa mahali muziki wao ulipozaliwa.

Nyimbo zile mbili hazikuvuma sana. Aliyevuma ni yule wa Novemba mwaka huo, uliorekodiwa Camden, New Jersey, na kuitwa Blue Yodel. Hapo ndipo watu waliposikia alichokuwa nacho. Anaimba mstari wa blues kwa sauti ya kawaida, sauti ya kifua. Mwisho wa ubeti, pale sisi tungevuta pumzi, anaivunja sauti: inaruka ghafla hadi sauti nyembamba ya kichwani, inarudi chini, inaruka tena, bila neno lolote. Kuvunja sauti hivyo kulijulikana huko milima ya Uswisi, na waigizaji wa Marekani walikuwa wakikutumia tangu zamani kuchekesha watu. Rodgers alikuchanganya na blues, na kicheko kikatoka, kikabaki kitu kinachofanana na mtu anayelia huku akijikaza. Mwalimu wetu wa kwaya huwa anatukataza kabisa kuiacha sauti ivunjike katikati ya noti. Anatukataza kwa haki, lakini hata yeye alipomsikia Rodgers alinyamaza.

Santuri ile iliuzwa malaki. Kwa miaka michache mshika breki wa zamani akawa mmoja wa waimbaji wanaojulikana zaidi Marekani. Mwaka 1929 aliigiza katika filamu fupi akiwa amevaa kofia yake ya reli, na mwaka huo huo akajenga nyumba kubwa huko Kerrville, Texas, mahali palipopendwa na wagonjwa wa kifua kwa ukavu wa hewa yake. Hakuweza kuishikilia muda mrefu. Uchumi wa dunia ulianguka, santuri zikakosa wanunuzi, na matibabu yakala kilichobaki. Hata hivyo mwanzoni mwa 1931, wakulima wa kusini walipopigwa na ukame, alizunguka na mchekeshaji Will Rogers wakiimba na kuchekesha ili kuwachangia pesa. Mwaka huo pia alitoa wimbo kuhusu TB yake mwenyewe, wakati ambapo wagonjwa wengi waliuficha ugonjwa huo kama aibu. Katika vijiji vyetu bado wako wanaouficha, na matibabu ni miezi sita tu, na ni bure katika hospitali za serikali. Tumelisema hilo kwa kupita.

Kuna rekodi moja ambayo tungetaka kila mwanakwaya aitafute. Tarehe 16 Julai 1930, mjini Los Angeles, Rodgers alirekodi Blue Yodel yake ya tisa. Kwenye tarumbeta alikuwa Louis Armstrong, na kwenye piano Lil Hardin Armstrong, mke wake. Mweupe na weusi katika chumba kimoja, mwaka 1930, ilikuwa jambo la nadra. Tarumbeta inamjibu mwimbaji mstari kwa mstari, kama kiitikio kinavyomjibu kiongozi. Santuri ilipotoka, jina lililochapishwa lilikuwa la Rodgers. La Armstrong halikuwekwa, wala la Lil Hardin. Ilichukua miaka mingi wasikilizaji wa kawaida kujua ni nani aliyepuliza pale.

Mei 1933 alisafiri kwenda New York kurekodi tena. Alikuwa amebakiza nguvu kidogo mno na familia ilihitaji pesa. Walimwekea kitanda chumba cha karibu na studio, naye akawa anaimba wimbo mmoja, anakwenda kulala, anaamka, anaimba mwingine. Tarehe 24 Mei alimaliza. Tarehe 26, hotelini, mapafu yalivuja damu, akafariki. Alikuwa na miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa treni.

Hapa hadithi ingeishia kama si gramafoni. Ile ya kupindwa kwa mkono, isiyohitaji umeme, ilisafiri kokote Mwingereza alikosafiri, na santuri za Rodgers zilichapishwa pia kwa ajili ya nchi za himaya ya Uingereza. Tangu katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zilikuwa zimeingia Kericho, na wamishenari walikuwa na vituo vyao Litein na baadaye Tenwek. Watu wetu walikisikia chombo kile, sanduku linaloimba bila mtu ndani yake, na mwimbaji waliyempenda alikuwa huyu wa kuvunja sauti, anayepiga nyuzi. Nyuzi si kitu kigeni kwetu. Chepkong ilikuwepo kabla ya gitaa, na namna anavyopiga Rodgers, kidole gumba kikitembea chini huku vingine vikicheza juu, masikio ya Wakipsigis yaliipokea haraka. Jina lake likapita midomoni mwetu likatoka Chemirocha. Likaanza na Che, kama majina ya dada zetu Chebet, Chelangat na Chepkoech, na tunadhani hilo lilisaidia kumfanya akaribishwe.

Mwaka 1950 alifika Kapkatet Mwingereza mwingine, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake kurekodi muziki wa wenyeji. Miongoni mwa nyimbo alizoimbiwa hapo, tatu zilikuwa na jina hilo: Chemirocha. Mbili aliimbiwa na wanaume. Ya tatu iliimbwa na wasichana, Chemutoi Ketienya akiongoza na wenzake wakiitikia, chepkong ikiwapigia. Ni wimbo mfupi. Chepkong inazunguka mahali pamoja, sauti za wasichana zinapanda polepole, na jina la Chemirocha linarudi na kurudi kila mwisho wa mstari. Rodgers alikuwa amekufa miaka 17, na hakuna anayeweza kumwambia.

Tracey aliandika maelezo yake. Kwa jinsi alivyoelezwa, Chemirocha alikuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala, na wasichana walikuwa wakimhimiza aruke katika ngoma kwa nguvu hadi nguo zimdondoke. Maelezo hayo yamezunguka duniani na kuwachekesha wengi, wengine kwa dharau: Waafrika wakasikia santuri wakadhani ni mungu. Sisi hatuyasomi hivyo. Nani kati yetu hakuhadithiwa na bibi yake habari za Chemosit, jitu nusu mtu nusu ndege lenye mguu mmoja? Hakuna mtoto wa Kipsigis aliyekuwa akingoja kukutana naye sokoni. Tunachokisikia kwenye rekodi ile ni wasichana wenye akili na utani, waliopewa sauti isiyo na mwili wakaitengenezea mwili, kisha wakamwalika mgeni acheze kama wanavyocheza vijana wa nyumbani. Mgeni akialikwa kwenye ngoma, amekaribishwa. Tracey alikuwa msikilizaji mzuri, na bila yeye tusingekuwa na wimbo huo. Lakini aliyeutunga hakuwa yeye.

Na tazameni tena suala la majina. Tracey aliandika la Chemutoi Ketienya, nasi tunamshukuru. Wengine wameandikwa kama wasichana wa Kipsigis, basi. Walikuwa na mama zao, na rika zao, na pengine wajukuu wao wanaketi katika makanisa ya Bureti na Bomet Jumapili hii bila kujua kwamba sauti ya bibi yao imehifadhiwa chuoni Afrika Kusini. Ndipo ilipo: Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, pamoja na maelfu ya rekodi zake. Mchota maji wa Mississippi aliondoka na nyimbo za watu wasiotajwa, Armstrong akapuliza bila kutajwa, na wasichana wa Kapkatet wakafanywa kundi.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, watu wa maktaba hiyo pamoja na wenzao wa Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha baadhi ya rekodi za Tracey kwa jamii zilizoziimba, ikiwemo yetu. Waliwaletea wazee nakala wazisikilize. Tunaona ni kazi njema, na tungependa ifanywe zaidi, hasa shuleni, maana mtoto wa Litein anayejua nyimbo zote za simu yake hajawahi kusikia chepkong.

Kwao, Rodgers alipewa heshima zake. Jumba la kumbukumbu ya muziki wa country lilipoanza kutaja majina ya wakubwa mwaka 1961, alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza. Na ule muziki wa soul tulioutaja mwanzoni haukuwa mbali naye kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1962 Ray Charles, mwimbaji mweusi kipofu wa soul, alitoa santuri nzima ya nyimbo za country, na watu wakashangaa. Hapakuwa na la kushangaza. Nyimbo za weupe wa kusini na za weusi wa kusini zilikuwa zimeshirikiana kisima kimoja tangu siku za vibarua wa reli na mtoto wa maji. Hata sisi, tukisikia gitaa la Kipchamba arap Tapotuk likifuatiwa na wimbo wa country katika matatu moja kutoka Sotik, hakuna abiria anayeona kitu kimebadilika.

Kwaya yetu haina Tracey. Tulicho nacho ni kaseti chache za mikesha ya zamani, moja imeanza kukwaruza, na daftari la mahudhurio ambalo kurasa zake za mwanzo zililowa mvua. Katika kaseti hizo wamo waliokwisha lala, na katika baadhi ya nyimbo tunaweza kutambua nani anaimba alto kwa namna anavyovuta neno la mwisho. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuandika lolote kuhusu Chemirocha, tulikaa na mama zetu wa sauti ya kwanza, jioni nne, tukicheza kaseti na kusimamisha, kucheza na kusimamisha, huku wakitaja.

Majina tuliyoyapata yako kurasa nne za mwisho za kijitabu hiki, yakifuata sauti. Mengine ni jina moja tu, mengine ni mama wa fulani, na mmoja ameandikwa kama alivyokumbukwa: yule kijana wa Chemosit aliyekuja na baiskeli. Nafasi imeachwa chini ya kila sauti. Ukimjua mtu ambaye hayumo, hata kama aliimba mwaka mmoja akaolewa mbali, kalamu na karatasi ziko mezani kwa katibu, karibu na mlango wa kuingilia, hadi saa kumi jioni.